Bi Mkunga na Swali la Kumi na Moja

Nshavuka hamsini, na mlango wa duka langu mwenyewe siku hizi naupita kwa ubavu, lakini yule bibi mpaka leo ananiita Mbili na Robo. Ndio kilo nilizozaliwa nazo. Jina langu analijua vizuri, ila hajapata kulitumia hata mara moja. Kaka yangu ni Tatu Kamili. Muuza kahawa wa hapa mtaani kwetu Kiponda, mtu mzima ana wajukuu, ni Nne Kasoro, na akiitwa hivyo mbele ya wateja wake huitika "naam" kwa adabu, akaweka birika chini akasikiliza. Nani atabisha? Yeye ndiye aliyetupima.

Sisi tunamwita Bi Mkunga. Alizalisha katika hospitali ya serikali tangu msichana mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu alibaki nyumba ile ile, milango mitatu kutoka duka langu la fotokopi. Duka lenyewe dogo: mashine mbili, feni moja, na kiti kimoja ambacho ni chake. Hukaa pale asubuhi akitoka sokoni, kapu miguuni, na kila anayeingia na karatasi zake yeye humtazama tumbo kwanza. Siku moja alikuja mwalimu wa skuli kutoa kopi za mtihani. Bi Mkunga akamwambia, taratibu tu, "Mwanangu, hayo maboksi usiyabebe mwenyewe. Una miezi minne." Mwalimu alikuwa hajamwambia hata mama yake. Akakaa chini akalia, akanywa maji, akasahau na mitihani.

Nikimfikiria, kwanza hunijia mikono. Sijaona mtu anayenawa kama yule. Ananawa kabla ya kula kama sote, lakini ananawa pia kabla ya kushika mtoto wa mtu, kabla ya kushika pesa na baada ya kushika pesa, na hanawi viganja tu, ananawa mpaka viwiko, kwa sabuni nyekundu, kucha moja moja. Viganja vyake vimekwisha kuwa laini, vinateleza, hata ile mistari ya kawaida huioni vizuri. Viatu vyake sasa, usiulize. Ana makubazi aliyoyafunga kwa uzi wa kuvulia samaki, na ukimwambia anunue mengine anakujibu kuwa mtoto hapokewi kwa miguu.

Alikuwa na neno lake moja alilotoka nalo wodini: "Usisukume kabla ya wakati." Alilitumia kwa kila kitu. Ukibishana na muuza samaki bei ya changu, usisukume kabla ya wakati. Mashine yangu ikikwama nami nikaanza kuipiga makofi, usisukume kabla ya wakati. Posa ya binti yangu ilipokuja nikataka kujibu siku ile ile kwa furaha, alinishika mkono akanambia hivyo hivyo, nami nikangoja wiki nzima nikiungua roho. Posa haikwenda popote, alhamdulillahi.

Na ukweli. Hapa ndipo alipokuwa akiwachosha watu. Hadithi hii nilipewa na mama yangu, na mama hakuwa mtu wa kuzidisha. Mjukuu wa tajiri mmoja alizaliwa Alhamisi, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Babu yake alikwishatangaza kuwa mtoto atakuwa wa Ijumaa. Dakika zile chache, angengoja ndani tu, ingekuwa usiku wa Ijumaa, na babu angepata alichokitaka. Babu akaja wodini na sanduku la tende, akamwomba Bi Mkunga asogeze saa kidogo kwenye daftari. Robo saa tu. Bi Mkunga akamuuliza, "Nikusogezee mtoto au nikusogezee jua?" Akaandika Alhamisi. Tende akazigawa kwa wazazi wote wa wodi, kila mmoja tano. Huyo mjukuu sasa ni mtu mzima, na mbele ya Bi Mkunga anaitwa Alhamisi, kilo zake hazitajwi.

Kwa hiyo mtu asiyemjua angedhani ni jasiri wa kila kitu. Si kweli. Mwanamke huyu aliyegeuza watoto waliokaa matako mbele kwa mikono mitupu alikuwa anaogopa fomu. Wallahi. Daftari la wodi aliliandika miaka na miaka bila kosa, lakini fomu yenye visanduku, iliyotoka ofisini, ilimtoa jasho. Alikuja nazo kwangu zimekunjwa mara nne, akizishika kwa ncha za vidole. Mie nilikuwa namsomea, yeye ananijibu, nami naandika. Na ole wako uandike kitu kisicho sawa sawa. Pahala pa anuani niliandika "Kiponda, karibu na msikiti", akanifutisha kwa sababu msikiti uko mbali kidogo na mlango wake.

Baada ya kustaafu alikuwa na mambo mawili ya kumweka mjini: pensheni yake ya serikali, na singo. Singo ni ile ya kumsugulia biharusi kabla ya siku yake, na wako wengi wanaoitengeneza, lakini yake ilikuwa nyingine. Asumini na mlangilangi zilitoka kwa binamu yake Mangapwani, mawaridi alikausha mwenyewe juani darini, karafuu kidogo, na liwa, ule mti wa kunukia, aliyoisaga juu ya jiwe alilorithi kwa mama yake, jiwe jeusi, zito, limebonyea katikati. Ukipita chini ya dirisha lake siku anayosaga, unasimama hata kama una haraka. Wodini alikuwa mkali, wanawake walimwogopa mpaka wakasahau uchungu. Mbele ya jiwe lile alikuwa akiimba.

Kisha hoteli moja ya Paje ikamjua. Huko wageni wanaruka baharini kwa matiara, yale makubwa yanayowavuta kwa upepo, jioni wanarudi ngozi zimewawamba kwa chumvi, na mwenye hoteli akaona singo itawafaa. Basi Bi Mkunga akawa anapeleka madumu yake, na mara moja kwa mwezi anakwenda mwenyewe kuwafundisha wasichana wa pale kusugua. Walimlipa vizuri, na kila malipo yalikuja na karatasi. Zile karatasi hakuzisoma. Alizitia kwenye bati la biskuti akafunika.

Shari ilianzia kwenye simu. Bi Mkunga ana mdogo wake anayeishi Uingereza siku nyingi, mwanamke mzungumzaji, ambaye kila wiki hutuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko khutba. Bi Mkunga huusikiliza dukani kwangu, kwa sauti ya juu, maana sikio moja limechoka. Siku hiyo tulikuwa mie, yeye, na Nne Kasoro aliyekuja kukusanya vikombe. Mdogo mtu analalamika: "Dada, serikali haina huruma. Pensheni yangu na ule mshahara wangu wa kutunza wazee wamevijumlisha pamoja, wakafanya fungu moja, wakanikata kodi juu ya fungu zima. Ningejua nisingeifanya hiyo kazi."

Nilikuwa napanga kopi, sikutilia maanani. Nne Kasoro ndiye aliyetilia. Alipotoka na vikombe vyake, habari ikatoka naye, na mpaka adhuhuri baraza yote ilikwishajua kuwa serikali inajumlisha. Serikali gani, hakuna aliyeuliza. Mstaafu mmoja wa bandarini mwenye genge la mboga alifunga genge siku mbili. Nilimwambia Bi Mkunga, "Bibi, yule anasema mambo ya huko kwao." Akanijibu, "Serikali ni serikali, Mbili na Robo. Zinafundishana."

Wiki chache baadaye zikaja fomu za uhakiki. Kila mwaka wastaafu wanahakikiwa: unajaza fomu, unakwenda mwenyewe ofisini na kitambulisho, unaweka kidole kwenye mashine, wanajua kuwa uko hai na pensheni inaendelea. Tukaijaza kama kawaida, yeye kitini, mie na kalamu, mpaka tukafika swali la kumi na moja. Liliuliza: katika miezi kumi na miwili iliyopita, umekuwa na kipato kingine?

Bi Mkunga akaichukua fomu mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia kapuni chini ya mchicha.

"Tuandike nini?" nikamuuliza.

"Usisukume," akasema, akaondoka.

Kesho yake alikuja na lile jiwe la liwa kalifunga ndani ya kanga, kalibeba tumboni, anahema. Akaliweka juu ya meza yangu. "Chukua. Litakufaa kuzuia makaratasi yako na hii feni. Mie singo nimeacha." Nikadhani mzaha. Binti yangu alikuwa ameshawekewa mwezi wa harusi, na singo yake ilikwisha kuzungumzwa tangu anasoma chuoni, maana yule bibi ndiye aliyempokea na aliniahidi kuwa ndiye atakayemsinga. Nikamkumbusha. Akalitazama jiwe. "Mwambie anisamehe," akasema. "Siwezi kuchanganya." Niliumia, siwezi kusema uongo. Nilimjibu vibaya pia, nikamwambia kama amechoka na sisi aseme. Akaondoka, na wiki mbili hakuja kukaa kitini.

Tukaishi hivyo. Jiwe likakaa juu ya rundo la karatasi, feni ikivuma haipeperushi hata moja, na kila mteja aliyechukua kopi yake aliinusa kwanza. Polisi mmoja aliniuliza kama nauza karatasi za harusi. Mie nilicheka, lakini kila nikilitazama lile jiwe roho yangu ilikuwa inaniuma kwa ajili ya mwanangu.

Miezi ilipita ndipo nikajua, na nilijua kwa bahati. Nilimpelekea mkate wa ufuta, nikamkuta mezani na vidonge vyake vya presha, anavipanga kwa wembe, kila kimoja anakikata kati. Mkunga, mtu wa hospitali, anakata dawa. Nikamuuliza kulikoni. Akaona haya, yeye ambaye hajapata kunionea haya tangu nipo uchi mikononi mwake.

"Pensheni imesita," akasema. "Mwezi wa tatu huu."

"Imesita kwa nini?"

"Sikwenda kuhakikiwa."

Nikaketi. Ikabidi nimtoe maneno moja moja, kama yeye alivyokuwa akiwatoa watoto wagumu. Alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe. Kama akiandika kweli, kwamba ana singo, serikali itajumlisha, itakata, na pensheni itakwisha. Kama akiandika hana, ni uongo, na uongo kwa mkono ule haandiki. Kwa hiyo akaacha singo, akatoa jiwe nyumbani ili asishawishike, akaamua kungoja. Miezi kumi na miwili ikikatika hajaigusa, ndipo atakwenda kuhakikiwa, ataandika "sina", na itakuwa kweli.

"Sasa umebaki huna singo na huna pensheni," nikamwambia.

"Lakini sijasema uongo."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, na nilianza na kugombeza. Nilimwambia atakufa kabla ya hiyo miezi kukatika na hao watu wa uhakiki watakuwa wamepatia kumhesabu maiti. Nikafunga duka, nikachukua bati lake la biskuti na karatasi zote zilizomo, nikamvisha buibui, tukatoka. Vichochoro vyetu anavipita akisimamishwa na kila mtu, shikamoo Bi Mkunga, shikamoo, na siku ile alijibu marahaba bila kutaja kilo ya mtu. Ndipo nilipojua anaogopa kweli.

Ofisini kulikuwa na meza mbili. Moja ya uhakiki, yuko bwana mmoja mwembamba na mashine ya vidole. Kwenye ya pili alikaa binti wa kodi, kawekwa pale makusudi, kwa sababu wastaafu walikuwa wengi wanaouliza habari ya kujumlishwa. Kumbe ile sauti ya Uingereza ilikuwa imefika mbali. Nilimkalisha Bi Mkunga mbele ya yule binti. Kabla sijafungua mdomo, yeye akauliza lake.

"Mwanangu, nani alikuzalisha?"

"Nimezaliwa Makunduchi, bibi. Nyumbani, kwa mikono ya nyanya yangu."

Bi Mkunga akamkagua, mabega, macho, meno. "Alifanya kazi nzuri," akasema, na nadhani hapo ndipo alipoamua kumwamini.

Binti akazisoma zile karatasi za bati moja moja, hakuharakisha. Kisha akaeleza, naye alieleza vizuri, polepole, akimtazama yeye wala si mie. Pensheni yake haitozwi kodi. Kiinua mgongo alichopewa siku ya kustaafu hakikutozwa pia. Cha singo ni kitu kingine, kina kodi yake, na hakichukuliwi kikawekwa juu ya pensheni vikafanywa fungu moja. Tena hoteli imekuwa ikimkata kile kidogo kinachotakiwa na kukipeleka, kila mara, na hizi karatasi ndio ushahidi wake.

"Kwa hiyo nilikuwa nalipa?" Bi Mkunga akauliza.

"Ulikuwa unalipa, bibi. Tangu mwanzo."

"Na mdogo wangu?"

"Yeye yuko kwa watu wengine. Wana sheria yao."

"Na swali la kumi na moja?"

Bwana mwembamba wa meza ya uhakiki akaingilia: "Hilo tunauliza tujue wastaafu wetu wanaishi vipi, bibi. Hatupunguzi kitu."

Mabega ya Bi Mkunga, ambayo miezi yote ile yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, yakashuka. Machozi yakamtoka akayafuta kwa kiganja, kisha, hamadi, akaenda kunawa. Tulimngoja. Aliporudi akaomba kalamu, akaandika mwenyewe pale kwenye swali la kumi na moja, kwa zile herufi zake za daftari la wodi: NDIYO. SINGO.

Ikabaki mashine. Akaweka kidole gumba cha kulia, taa nyekundu. Cha kushoto, nyekundu. Bwana akampangusa, akajaribu cha shahada, cha kati, cha pete, mkono huu na huu, kisha kile kidogo cha kulia. Nyekundu. Akamtazama kwa huruma. "Bibi, alama zako zimefutika. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nanawa," akasema.

Sikuweza kucheka. Vidole tisa mashine ilikuwa imevikataa, na mie nilishaanza kuhesabu ni ofisi gani tena tutakwenda. Kikabaki kidole kidogo cha kushoto. Akakiweka, kwa upole, kama mtu asiyetarajia kitu. Taa ikawa ya kijani.

Bwana akashusha pumzi. Binti wa Makunduchi akapiga kofi moja. Bi Mkunga akakiinua kile kidole akakitazama. "Hiki," akasema, "ndicho nilichokuwa nawatia mdomoni. Mtoto akitoka tu, nakitia nione kaakaa lake limetimia na kama anajua kunyonya. Wote. Hata huyu." Akaninyooshea. "Huyu aling'ang'ania hakutaka kukiacha."

Pensheni ilirudi pamoja na ile ya miezi iliyosita. Presha ikashuka, vidonge vikaliwa vizima. Kwa siku kadhaa sikumwona, nikasikia kuwa yuko Mangapwani kwa binamu yake, na sikumuuliza chochote. Nilikuwa nimefurahi tu kwamba anakula dawa.

Kisha asubuhi moja, harusi ya binti yangu imebaki siku kumi, niko dukani na wateja wanne na kazi ya skuli nzima imerundikwa mezani, karatasi mia na zaidi, feni inavuma kwa nguvu zake zote. Kivuli kikaziba mlango. Kapu mkononi limejaa asumini mpaka zinamwagika.

"Shikamoo Bi Mkunga."

"Marahaba, Mbili na Robo." Hakukaa. Alikuja moja kwa moja mezani, akatazama lile jiwe juu ya rundo, kisha akanitazama mie. "Mtoto yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Mwambie asitoke juani tena. Kesho naanza."

Nilitaka kumwambia asante, lakini huyu ni mtu asiyependa kushukuriwa. Akanyoosha mikono yake miwili iliyofutika alama, akaliinua jiwe lake, akalipakata. Karatasi zote zikaruka kwa pamoja. Zilijaa duka, zikapita vichwani mwa wateja, nyingine zikatoka mlangoni mpaka kwa Nne Kasoro, naye akaanza kuzikimbilia kichochoroni. Bi Mkunga hakugeuka. Alikwenda zake na jiwe tumboni, makubazi yake yanaburura.

Nikapiga magoti sakafuni, mie na mwili wangu huu, nikaziokota moja moja, nacheka na machozi yananitoka, na kila niliyoiokota ilikuwa inanukia liwa.